Mpinzani anayepaki basi kwenye Street Fighter 6 na Tekken 8: kumbwaga, kumbana kona au kumgeuzia saa?

Fundi_Pedi (Tabata, Dar)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni tulinganishe mbinu, maana hili jambo linaninyima usingizi. Kibandani kwetu kila Jumamosi tunacheza Street Fighter 6 (SF6), gemu ya mapigano, kwa mtoano, na kuna jamaa mmoja anayecheza na mhusika Guile ambaye hashambulii kabisa. Anachuchumaa mwisho wa uwanja, anarusha Sonic Boom, lile wimbi lake la nguvu, anasubiri. Ukiruka unakutana na teke lake la kupaa. Ukisogea anarudi nyuma. Akikugusa mara moja tu akakuzidi damu (ule mstari wa uhai) kidogo, basi, zile sekunde 99 zinageuka silaha yake. Jumamosi iliyopita nimetolewa raundi ya mwisho kwa saa kuisha. Nilikuwa na damu zaidi ya nusu, yeye kanizidi unene wa ukucha, na hakunipiga kombo (mapigo ya mfululizo) hata moja.

Mimi nacheza Ryu. Naona njia tatu na zote nimezijaribu nusunusu. Kuna kumfuata na kumbwaga kila anapokinga. Kuna kumsogeza taratibu hadi kona ndipo nifungue mashambulizi. Na kuna kuwahi damu ya mwanzo mimi, halafu nikae kama anavyokaa yeye. Nina saa moja tu ya mazoezi kwa siku nikitoka kazini, kwa hiyo nataka nianze na moja niishike vizuri. Ipi?

Mtama_wa_Chini (Kisauni, Mombasa)

Ndugu yangu, anza na kubwaga. Kinga haizuii kubwagwa, na mtu anayekinga muda wote amekuachia mlango huo wazi. Kumbwaga mara moja ni damu 1200 kati ya 10,000. Mbwage mara tatu na zaidi ya theluthi ya damu yake imekwenda, na hapo lazima aanze kuhangaika: aruke, abonyeze ngumi ya haraka, au ajaribu kujinasua. Yote matatu yanamtoa kwenye ganda lake. Ukishaona anabonyeza kujinasua, mwendee kama unataka kumbwaga, halafu rudi nusu hatua. Atashika hewa. Pale mikono yake imenyooka mitupu una nafasi ya kombo kamili.

Mimi hasa ni mtu wa Tekken, na kule kinga ina tundu lake jingine. Kwenye Tekken 8 aliyesimama anakinga mapigo ya juu na ya kati, ya chini yanapita. Akichuchumaa anakinga ya chini, ila ya kati yanamgonga. Kwa hiyo mpe mitama midogo. Narudia, midogo, maana ile mikubwa ya polepole akiikinga anakurusha hewani na raundi inakwisha hapo. Mtama mdogo haumuui, unamfanya aanze kuwaza miguu yake. Akianza kuchuchumaa kwa kuhofia miguu, mpe cha kati kinachoinua. Na saa ya Tekken ni fupi, sekunde 60, kwa hiyo anza mapema, usingoje zibaki 15.

Kimya_Kimya (Ng'ambo, Unguja)

Yakhe Mtama, maneno yako ya kweli ila umeruka hatua. Kumbwaga mtu lazima kwanza umfikie, na Guile wa Fundi hafikiwi. Ndiyo tabu yenyewe.

Mie nacheza Guile mwaka wa pili sasa, basi nikwambie anachokiogopa. Sonic Boom inataka ashikilie nyuma kwanza, kisha mbele na ngumi. Teke la kupaa linataka ashikilie chini kwanza, kisha juu na teke. Akichuchumaa kwa mshazari, chini na nyuma kwa pamoja, anaziweka akiba zote mbili. Ndiyo maana anakaa vile. Lakini akisimama akarudi nyuma kwa miguu, akiba ya chini imekwenda. Boom anayo, teke hana. Kama ni kuruka, ruka hapo. Atabaki na ngumi za kawaida za kukupokea, na hizo si kama lile teke. Akitembea mbele ndiyo anapoteza zote mbili.

Sasa itazame mechi yako upya. Wewe unaruka wakati gani? Naamini unaruka akiwa amechuchumaa, kwa sababu hapo ndipo anapokukera zaidi.

Fanya hivi. Hatua mbili, simama, pokea Boom. Hatua mbili, simama. Usirushe kwa hasira Hadoken, ule mpira wa nguvu wa Ryu. Boom ikija, ibonyezee Drive Parry, ile ya kudaka pigo, maana Boom iliyodakwa hivyo inakurudishia geji ya nguvu za Drive, ilhali ukiikinga kawaida inakula geji yako. Ila akiwa karibu usiishikilie parry kwa mazoea, anayebwagwa ndani ya parry anaumia zaidi. Kila anaporudi, ukuta unamsogelea, na uwanja hauongezeki. Akigusa ukuta, hapo ndipo ya Mtama yanaanza kazi.

Saa_Sita (Umoja, Nairobi)

Wasee, hapa geji bado haijapata haki yake. SF6 imejengwa ili mwenye kukinga alipe. Ana geji sita za Drive, na kila pigo analokinga linamega kipande. Zikiisha anaingia Burnout: hawezi parry, hawezi Drive Impact (pigo zito la Drive), mapigo maalum yanamkata damu hata akikinga, na kila akikinga anakwama fremu 4 (vipande vidogo vya sekunde) zaidi. Akiwa kona kwenye hali hiyo ukampiga Drive Impact, hata akikinga anazubaa kabisa na unampiga unavyotaka.

Kwa hiyo ukilinganisha: kubwaga kunakula damu, kumshinikiza kwenye kinga kunakula geji. Kwa Guile wa aina hii mimi ningetanguliza geji, kwa sababu geji ndiyo inayomwokoa ukimfikisha kona. Akiwa nayo anaweza kulipa geji mbili akusukume mbali kwa Drive Reversal, na kazi yote ya hatua mbili mbili ya Kimya inaanza upya.

Hata kabla ya Burnout, Drive Impact ikikingwa na mtu aliyeegemea ukuta inambandika ukutani. Inakugharimu geji moja na inavumilia mapigo mawili njiani. Ila usiipige mara mbili mfululizo ukiwa umbali uleule. Mtu wa kungoja ana macho mazuri, ataiona na kukujibu kwa ya kwake.

Kwa upande wa Tekken 8 nakubaliana na Mtama, naongeza Heat. Ni sekunde 10 ambazo mapigo yako mengi yanamla damu hata akikinga. Na ile damu nyeupe anayoweza kuirudisha, anairudisha kwa kushambulia. Anayekaa tu hairudishi. Kwa maoni yangu kupaki basi kule ni kugumu zaidi kuliko SF6.

Babu_wa_Muscat (Muscat)

Wanangu, nimewasoma wote na naona ile njia ya tatu ya Fundi imeachwa bila mtetezi. Niitetee mimi.

Mwaka 2004 kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kule California, Justin Wong alikuwa na Chun-Li, Daigo Umehara na Ken, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Dunia nzima inakumbuka Daigo akidaka mateke 15 ya Chun-Li, moja baada ya jingine, damu ikiwa imebaki kistari. Mimi hutazama kilichotangulia. Justin alisifika kwa subira, alikuwa anaongoza, na Daigo alibakiza damu ya kufa kwa pigo lolote maalum hata akilikinga. Hakuna kilichomlazimisha Justin kusogea. Lakini ndiye aliyekwenda kumalizia, na kule kumalizia ndiko kulikompa Daigo kitu cha kudaka. Kwenye gemu ile kudaka ni kusukuma mbele pigo linapofika, na teke la kwanza ilibidi alisukumie kabla hajawa na hakika kwamba linakuja. Daigo alishinda mechi hiyo, ubingwa akaukosa fainali, ila somo la mechi lipo palepale: mtu wa kungoja ni hodari anapongoja, akiamua kwenda ni mtu mwingine.

Sasa unganisha na aliyoyasema Kimya. Guile akitembea mbele hana Boom wala teke. Basi pata damu ya mwanzo kwa namna yoyote, iwe kumbwaga mara moja, iwe mtama mmoja, halafu usimfuate tena. Simama nje kidogo ya urefu wa teke lake na ukinge. Saa si yake tena. Sasa yeye ndiye atakayetakiwa kutembea, na kutembea hajakufanyia mazoezi.

Tofauti yangu na wenzangu ni kwamba hii haitaki mazoezi ya vidole. Inataka moyo wa kutulia mbele ya watu wanaopiga kelele nyuma ya kiti.

Mtama_wa_Chini

Babu, shikamoo. Kimya, hatua mbili mbili nimezipokea, hukuniacha na la kubisha. Ila Babu, hiyo ni nzuri ukishaongoza. Fundi anaanza kila raundi akiwa nyuma kwa Boom moja. Damu ya mwanzo ataipata wapi bila kumfikia?

Babu_wa_Muscat

Marahaba mwanangu. Mwanzo wa raundi. Pale mnapoanzia hajapata umbali wa kukimbilia. Wengi huanza raundi kwa kurudi nyuma ili watafakari, na hapo ndipo wanapompa zawadi. Sekunde tatu za kwanza ndizo za Ryu.

Kijiwe_Kampala (Kampala)

Kwa ufupi tu: kama gemu si lazima iwe hii, Guilty Gear Strive inamshughulikia mtu huyu kwa kanuni. Ukikimbia sana bila kupigana unapewa Negative Penalty na geji yako yote ya Tension inafutwa. Ukikinga sana geji ya R.I.S.C. inajaa na pigo linalofuata linauma zaidi. Nilihamia huko kwa sababu hii na sijajuta.

Mwenye_Kibanda (Mbagala, Dar)

Mimi naendesha kibanda, na kila mwezi kuna kijana ananiomba nipige marufuku mchezo wa kurudi nyuma. Nakataa, na niseme kwa nini.

Kwanza, utapima kwa nini? Hatua ngapi za nyuma ni kosa? Wenzetu wa gemu ya Super Smash Bros. walihangaika na hili, watu wakining'inia ukingoni muda wote, wakaishia kuhesabu idadi ya kushika ukingo kwenye mashindano. Na bado fainali ya Smash 4 kwenye Evo 2018 kule Las Vegas, wachezaji wawili, wote na mhusika Bayonetta, walikaa wakingojeana mpaka ukumbi ukazomea. Pili, kuna subira na kuna woga, na kwa nje vinafanana. Arslan Ash wa Pakistan alichukua Evo 2019 ya Tekken 7, na sehemu kubwa ya sifa yake ni namna anavyorudi nyuma, anaacha ngumi yako ipite, anakuadhibu. Ukimfungia huyo umefungia ufundi.

Tena nilijaribu kuzima saa kwa wikiendi moja, nikidhani mtu wa kungoja atakosa cha kungojea. Mechi moja iliburuta hadi vijana waliokuwa kwenye foleni wakaondoka na hela zao mkononi. Bila saa, anayeongoza hana haja ya kusogea na aliye nyuma hana haraka. Jumapili jioni nikairudisha, na sitaigusa tena.

Fundi, wewe nakushauri ya Kimya kwanza. Sio kwa sababu ndiyo bora kuliko zote, ila bila hiyo nyingine zote hazifiki. Saa yako moja ya jioni itumie hivi: chukua mashine ya mazoezi, mrekodi Guile arushe Boom, arudi, arushe Boom, na wewe tembea tu. Usibonyeze pigo lolote kwa dakika kumi.

Saa_Sita

Hiyo ya kurekodi ni ya dhahabu. Ongeza rekodi ya pili ambapo Guile anachuchumaa tu akingoja uruke. Ziache zije bila mpangilio, uzoee kutofautisha kwa macho aliyesimama na aliyechuchumaa.

Fundi_Pedi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilifanya kama Mwenye Kibanda alivyosema, kila jioni dakika kumi za kutembea bila kubonyeza, kisha rekodi zote mbili za Saa Sita. Siku nne za kwanza nilikuwa naruka bila kujijua. Kidole gumba kinakwenda chenyewe.

Jumamosi nilikutana naye robo fainali. Raundi ya kwanza nimepoteza, niliruka mara mbili akiwa amechuchumaa na zote nimelipa. Raundi ya pili nikatembea. Nilidaka Boom tano kwa parry, na kwenye ya tano nikaona mgongo wake umegusa ukuta na saa inasoma 51. Nikambwaga. Nikambwaga tena. Akaanza kujinasua, nikarudi nusu hatua, mikono yake ikashika hewa, na iliyobaki mnaijua.

Raundi ya tatu nikamwahi pale pale mwanzoni kama Babu alivyosema, mtama mmoja tu ukaingia. Halafu nikasimama. Kibanda kizima kikaanza kunipigia kelele nimfuate, na kweli moyo ulikuwa unanienda mbio, lakini sikumfuata. Saa ilipofika 30 hivi akasimama. Akatembea mbele. Hatua moja, ya pili, ya tatu, na ndipo nikaelewa maana ya kwamba hana kitu mkononi. Nimemtoa 2–1 na baada ya mechi alinipa mkono, tukakaa nje tukaongea nusu saa nzima. Ni mtu mpole sana.

Nusu fainali nimetolewa na mtu wa Dhalsim, yule mhusika wa mikono mirefu. Ananipiga ngumi kutoka ng'ambo ya uwanja, nikimfikia anapotea anatokea juu yangu. Kimya, zile hatua mbili kwa Dhalsim zinafanya kazi?

Kimya_Kimya

Hongera yakhe, nimefurahi kweli. Kwa Dhalsim zinafanya kazi nusu. Huyo hana akiba ya kupoteza, basi usingoje asimame. Lakini mkono wake ukinyooka, mkono wenyewe unapigika. Anza na hilo, mrekodi ngumi yake ndefu na uwe unaipiga ngumi, sio mwili. Kesho nikirudi kazini nitakuandikia kuhusu kupotea kwake.