Amesugua sarafu yangu ya florini ya 1920 kwa waya wa sufuria, mbele ya macho yangu!

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Naandika nikiwa bado na udongo wa Limuru kwenye kucha, na matatu iliyonirudisha mjini imenishusha si zaidi ya nusu saa iliyopita, kwa hiyo atakayeiona hasira katika maandishi haya ajue kwamba sehemu kubwa zaidi nimeiacha kwenye kiti cha nyuma, pamoja na mwavuli wangu.

Mhusika mnamjua. Sitamtaja, kwa sababu katika Nairobi yote kuna mtu mmoja tu anayekwenda shambani na koti lenye mifuko 14, ambaye mashine yake ya kutafutia vyuma na sarafu ardhini haijapata kumtolea kitu kisichokuwa kifuniko cha soda, na ambaye hata hivyo hutufundisha sisi sote namna ya kuishika.

Ruhusa ya shamba niliiomba mimi. Mama mwenye shamba alikubali kwa masharti mawili, kwamba nisiguse viazi vyake na kwamba nifukie kila shimo, na masharti hayo nimeyatimiza kuliko nilivyotimiza ahadi za harusi. Udongo mwekundu wa kule una chuma kingi, na mashine ikipita juu yake huropoka kama mlevi aliyenyimwa nauli, hivyo asubuhi nzima nilichimba misumari, jembe lililokatika, na kopo moja ambalo nililifukia tena kwa uchungu. Halafu, mnamo saa tano, ukaja ule mlio. Wanaojua wanajua. Ulikuwa mlio wa juu, laini, usiobadilika hata nilipozunguka na kuupima kutoka upande wa pili.

Nilipiga magoti. Florini! Kwa wageni wa jukwaa hili, rupia ilipoondolewa ilikuja florini, mwaka 1920, na mwaka uliofuata shilingi ikachukua nafasi yake kwa kipimo cha shilingi mbili kwa florini moja, yaani hiyo ni sarafu ambayo utawala wake haukudumu hata kama viatu vya shule. Nusu ya madini yake ni fedha. Hii yangu ilikuwa imejifunika weusi mzuri uliotulia, weusi wa miaka 100, ambao mtu mwenye akili huusafisha kwa maji matupu na subira, au hausafishi kabisa.

Niliiweka juu ya kitambaa. Niligeuka kuchukua chupa ya maji. Kugeuka tu! Niliporudisha macho, bwana yule alikuwa ameishika, ameitemea mate, amechutama kando ya beseni la vyombo la mama, na mkononi ana waya wa kusugulia sufuria. Alikuwa anasugua. Alikuwa anamsugua mfalme usoni kama mtu anayetoa ukoko wa ugali wa juzi.

Kisha akainyanyua juani na kusema, kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa: "Sasa hata makanga ataipokea."

Watoto wa mama wakapiga makofi. Makofi, ndugu zangu.

Tulipofika Kikuyu nilijaribu kuwaza jambo jingine, nikauwaza waya. Uthiru, waya. Kangemi abiria aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nimefiwa, nikashindwa kumjibu, kwa sababu sijui neno la Kiswahili linalomfaa mtu aliyeachiwa maiti inayong'aa. Mfalme hana pua. Hana ndevu. Amebaki na sikio moja, na hilo nalo lina mikwaruzo. Je, mtu wa namna hii tumfanye nini?

Panya wa Ngara: Pole sana, mkuu. Lakini ulimpaje mgongo? Mimi nilimwonyesha senti 10 ya 1936, ile yenye tundu na jina la Edward wa Nane, mfalme ambaye hakumaliza hata mwaka kitini, naye akaitumbukiza katika glasi yake ya maji ya ndimu huku akiendelea kunywa.

Shangazi Betri: Mimi nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Mtu mzima umepanda matatu mpaka Limuru, umechimba misumari asubuhi nzima, na sasa umefungua uzi mzima kwa ajili ya shilingi mbili.

Mwenye uzi: Shangazi, kwa heshima zote, si shilingi mbili. Ni ule waya.

Wakili wa Bure: Kabla hatujamhukumu bwana wa koti, mwenye uzi atueleze kama ana leseni. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kwenda kuchimbua vitu vya kale kwa sababu tu amenunua mashine na kofia.

Fundi wa Kariobangi: Wakili, soma mpaka mwisho. Sheria hiyohiyo inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Florini ya 1920 ni kijana.

Wakili wa Bure: Na kabla ya kuchimba, mashine ilimwambia kwamba ni ya 1920? Mlio wa florini na mlio wa kitu cha mwaka 1800 unautofautisha vipi ukiwa umesimama juu ya viazi?

Mwenye uzi: Tunaweza kurudi kwenye waya? Alitema mate kwanza. Nadhani jambo la mate halijapewa uzito unaostahili.

Mjukuu wa Reli: Ninyi mnalilia mikwaruzo, mimi nilizuiwa na polisi barabarani saa moja na nusu kwa sababu ya mashine iliyokuwa imefungwa kwenye gunia. Niliwaeleza kwamba ni ya kutafuta sarafu. Mmoja akataka kujua natafuta sarafu kwa nini ilhali wenzangu wanatafuta noti. Mwishowe nilitakiwa kuipitisha juu ya viatu vya mkubwa wao, ikalia, na wote wakafurahi.

Shangazi Betri: Afadhali polisi. Mimi hunisumbua wanaouliza rupia za Mjerumani. Kila wiki kuna mtu ananipigia akisema kwamba babu yake aliachiwa ramani, na kwamba kinachohitajika ni mashine yangu na pesa kidogo za mbuzi wa kafara. Mjerumani alitawala ng'ambo ya mpaka, lakini hazina zake zote, nashangaa, zimezikwa Kayole.

Fundi wa Kariobangi: Mbuzi ni nafuu. Wanaouza mashine mitandaoni ndio wezi. Ananiambia inafika mita 3 chini, nami nikiweka sarafu sentimita 30 tu inanyamaza kama shahidi mahakamani.

Panya wa Ngara: Hiyo si mashine, ni sahani yake ndogo, ile ya chini inayonusa ardhi. Fundi, ulijaribu sahani kubwa?

Fundi wa Kariobangi: Sahani kubwa kwenye udongo mwekundu? Inapiga kelele hata ukiiacha chini na kwenda kunywa chai.

Mwenye uzi: Sikio lenyewe nimelitazama tena kwa kioo cha kukuzia. Nalo limeondoka.

Mjukuu wa Reli: Samahani kwa kukatiza habari za sahani. Bwana wa koti amenitumia ujumbe sasa hivi. Amepata ruhusa ya shamba la chai lililong'olewa upande wa Tigoni, ekari 6, na anasema udongo umelimwa juzi. Ni Jumamosi. Anatafuta watu wanne.

Panya wa Ngara: Mimi nitakuja.

Shangazi Betri: Niwekeeni nafasi ya mbele, nina goti.

Fundi wa Kariobangi: Nami nipo. Imebaki moja.

Mwenye uzi: Gari linaondokea wapi?