Nyaya za boti zimeliwa na chumvi: nibadilishe unene au kosa liko pengine?

Nahodha wa Kilindoni
Shikamooni mafundi. Boti yangu ya faiba ya futi 23, ninayovulia hapa Mafia, ina betri ya volti 12 inayoendesha taa mbili pamoja na pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti. Mwaka jana nilifunga nyaya mpya za milimita 1.5, zile zile za nyumbani, na kila kiungo nikakiviringisha tepu nyeusi. Sasa taa zinafifia na pampu inanguruma bila kuvuta maji. Kwenye betri mita inasoma 12.6, lakini kwenye taa ya omo, mbele ya boti, napata 10.9 tu. Jana nilimenya waya karibu na pampu nikakuta shaba nyeusi kama masizi, na nilipoikunja ilikatikia vidoleni. Je, ninunue waya mnene zaidi?

Fundi wa Tanga
Marahaba. Unene siyo tatizo lako kubwa. Taa inayotumia ampea 2, kwa mita 14 za waya kwenda na kurudi, ikiwa shaba ni safi ingepoteza takriban volti 0.3, wewe unapoteza 1.7, na sehemu kubwa ya hiyo inapotelea kwenye viungo na katika shaba iliyooza. Washa taa, kisha weka ncha moja ya mita kila upande wa kiungo: kiungo kizima husoma karibu na sifuri, kibovu kitajitaja chenyewe.

Tepu haizuii maji ya bahari, kwani gundi yake hulainika juani, chumvi ikapenya, na maji yakapanda baina ya nyuzi ndani ya plastiki kama mafuta yapandavyo kwenye utambi wa kandili. Ndiyo maana unaweza kukata sentimita 30 na bado ukakuta weusi. Usiunge waya mpya kwenye mzee huyo, mng'oe wote. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, ambao ukiumenya hung'aa kama fedha. Ni ghali, lakini sijaona wa kuushinda baharini. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania vichwa vya waya, vifunikwe kwa mrija unaonywea kwa joto wenye gundi ndani, na vikae juu, mbali na ngama. Usitegemee risasi ya kulehemu peke yake, kwa kuwa huufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko wa mashine huuvunja pale risasi inapoishia.

Mjenzi wa Boti, Pemba
Naongeza mawili. Kagua swichi ya pampu: ikiwa imekata upande wa hasi, chanya hubaki na umeme usiku kucha, na palipo na mchubuko ndani ya maji ya chumvi shaba yake huyeyuka kidogo kidogo hata pampu ikiwa imezimwa. Pili, weka fyuzi kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 18 kutoka kwenye betri, maana chanya ikigusana na hasi bila fyuzi, faiba hushika moto.

Nahodha wa Kilindoni
Ahsanteni sana. Nimekagua: swichi ya pampu kweli iko kwenye waya mweusi, yaani wa hasi, na kiungo kimoja chini ya sitaha kimesoma volti 0.9 peke yake. Fyuzi sikuwa nayo kabisa. Boti haishuki majini mpaka nyaya zote zitoke.