Klipu ya Rehema

Rehema: Familia nimemaliza klipu ya wale Warundi waliozaliwa hapa hapa Kenya na hawana vitambulisho, naomba muiangalie kabla sijaiposti 🙏 nimeweka na muziki wa huzuni

Mjomba Hamisi: Nimeona. Dakika 3 nzima bibi wa watu analia. Sasa anataka nini, chakula ama nini? Mana sijaskia

Rehema: Kitambulisho mjomba!!

Mjomba Hamisi: Basi si aseme mwenyewe. Umeongea wewe mwanzo mwisho, yeye umemueka kama picha ya ukutani

Shangazi Mwanasha: Hamisi mtoto usimvunje moyo. Lakini Rehema hapo kasema kweli. Wakumbuka Wamakonde wa Kwale 2016? Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, wamezaa na kujukuu huku na karatasi hawana, laini ya simu wasajiliwe kwa jina la mtu, akaunti ya benki hakuna, wakiona polisi roho juu. Basi mwezi wa kumi wakashika njia kwa miguu kwenda Ikulu Nairobi, njiani wanazuiwa na polisi na bado wanasonga

Bakari: na kamera zote nyuma yao 😂

Shangazi Mwanasha: Eeh ndo nlokua naelekea. Neno lao lilikua moja tu, tupeni vitambulisho, mwandishi hata angelala hangekosea. Rais Uhuru Kenyatta akaonana nao, akaamuru wapewe kabla ya mwisho wa mwaka, 2017 wakawa kabila la 43. Na msidhani ni zile siku chache za barabarani tu, watu wa haki za binadamu walikua washahangaika na makaratasi yao kitambo

Bakari: Waogiek je shangazi, wale wa msitu wa Mau? Walishinda kesi ya ardhi yao dhidi ya serikali huko Arusha, mahakama ya Afrika, 2017. 2022 ikaamuliwa walipwe zaidi ya shilingi milioni 157, na 2023 bado watu wakabomolewa manyumba Mau

Mjomba Hamisi: Si kwa sababu waandishi walishaenda zao. Rehema ukiposti hio utarudi lini?

Rehema: 😶

Shangazi Mwanasha: Na ulimuuliza bibi kama ataka uso wake uonekane? Mtu hana karatasi, wewe wamuanika na mtaa wake mzima na nambari ya plot inaonekana pale mlangoni

Rehema: Uwiii sikuona hio nambari 🙈 naifuta. Naenda kwake kesho

Shangazi Mwanasha: Nenda. Na simu ikae mkobani mpaka yeye akwambie itoe