Pakacha la ngowe

*Kikundi: Nyumba ya Langoni, Lamu. Jumatano, baada ya isha*

Salma (Hamburg): [picha] Assalaam alaykum nyote. Tazameni embe hii. Moja tu. Euro 6 na senti 99.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Euro ndo ngapi?

Swaleh: Euro moja ni kama shilingi 150, mama mkubwa. Hiyo embe ni elfu moja na chenji.

Mama: Embe moya?? Ina kokwa ya dhahabu?

Khadija: Kwa elfu moja hapa sokoni unarudi na hamali nyuma yako 😂

Mama: Yeo asubuhi nimenunua ngowe, embe zetu za pwani, shilingi ishirini kila moya, na bado nimegombana na muuzaji.

Salma: Mama usinitajie ngowe. Niko kwa basi, watu watanishangaa nikilia.

Mjomba Shee: Hiyo ya picha imekuja kwa ndege, si ndiyo?

Salma: Ndiyo mjomba. Ya meli iko, euro moja na nusu, ya Brazil au Peru. Lakini inachumwa ikiwa bichi kabisa, inakaa baharini wiki mbili tatu, ikifika ni jiwe. Wiki jana nimenunua moja nikaifungia kwenye mfuko pamoja na ndizi iive. Siku sita. Naikata, huku nyeusi, huku nyeupe, nyuzi tupu. Nikaila hivyo hivyo nimesimama, sikuisikia hata utamu. Pesa ishatoka ntafanyaje.

Salma: Na pasheni wanauza MOJA MOJA. Senti 89. Jusi ya glasi moja yataka sita. Pigeni hesabu nyinyi.

Swaleh: Karibu mia nane 😳

Khadija: Glasi moja!! Mimi nawapa watoto jagi zima wanamwaga.

Salma: Avokado ndo afadhali. Nyingi zina kibandiko cha Kenya. Nisiponunua nakisoma tu.

Athman (Mombasa): Hizo zinapita hapa Kilindini kwenye kontena za baridi. Shida ni kwamba tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu, zinazunguka kule Rasi ya Tumaini Jema. Siku zinaongezeka, mafuta yanaongezeka, na avokado haingoji mtu. Nani alipe? Salma.

Salma: 😭

Mama: Maneno ni mangi. Swaleh asafiri Jumamosi kwenda huko huko. Nishamtilia ngowe thelathini kwenye pakacha, kila moya nimeizonga gazeti. Liko dakani, hapo mlangoni. Swaleh upite ulitukue.

Swaleh: Mama mkubwa nina kilo 23 tu.

Mama: Utaacha viatu.

Swaleh: Si kilo peke yake wallahi. Tangu Desemba 2019 msafiri hawezi kuingia Ulaya na tunda bichi bila cheti cha afya ya mimea. Wakikushika nalo wanalitupa, na huenda na faini juu. Yasiyodaiwa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani.

Mama: Doriani ndo lipi?

Mjomba Shee: Lile la Unguja lenye miiba, dada. Likipasuliwa mtaa mzima wajua.

Mama: Linalonuka lipite, ngowe yangu izuiwe?

Khadija: 😂😂😂 nimekufa

Mjomba Shee: Wana sababu lakini. Ni yule nzi wa matunda. Alionekana hapa Kenya mara ya kwanza 2003, na leo hakuna shamba asilolijua. Anataga ndani ya ngozi, nje hukuoni kitu ila tobo dogo kama la sindano. Ukipasua, funza. Mimi shambani kwangu Hindi, hapo bara ya Lamu, nimetundika mitego kila mti na bado msimu uliopita nimezika embe shimo zima. Kwa sababu yake Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka embe Ulaya 2014, ikaja kurudi 2021. Miaka saba. Wafanyabiashara wakubwa walikaa, sembuse Swaleh na pakacha.

Mama: Zangu hazina funza. Nimezinusa moya moya.

Swaleh: Mama mkubwa, forodha hawanusi 😅

Khadija: Cheti si kinatolewa na KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea wa serikali?

Swaleh: Kinatolewa, lakini mzigo ukaguliwe kwanza. Leo Jumatano usiku, mimi niko Lamu, ndege ni Jumamosi.

Salma: Muacheni Swaleh jamani. Mama, wewe nipikie achari tu. Ile ya embe mbichi yenye pilipili nyingi. Iliyopikwa haihesabiwi tunda bichi.

Swaleh: Hiyo nabeba. Bora isiwe mkononi, iingie sanduku la chini, chupa zifungwe plastiki mara mbili. Mafuta yakivuja kwenye nguo zangu nitafika Hamburg nanukia kama jiko.

Mama: Achari yataka embe changa. Hizi zishaiva.

Mjomba Shee: Kesho namtuma kijana achume changa. Zitakuwa gatini Mokowe saa mbili, ziwahi boti ya kuja huko kwenu.

Mama: Ahsante Shee. Zikifika kesho nitakata, nitie chumvi, Ijumaa asubuhi niweke juani, jioni nipike. Itakuwa haijakaa vizuri lakini atakula.

Salma: Nitakula na mkate mkavu mama, hata na kijiko.

Khadija: Mama, lile pakacha la dakani ni la nani sasa?

Mama: Kwani?

Khadija: Watoto wametoka chuo cha Kurani wamepita hapo.

Mama: Zimebaki ngapi?

Khadija: Kumi na moja. Magazeti yote yapo.

Salma: Nipigieni picha wakila. Hapana, msipige.

Swaleh: Mama mkubwa, achari ni chupa ngapi nijue mapema?

Mama: Sita. Zile kubwa.

Swaleh: Basi naacha viatu.