Tupeane uzoefu: Kripto ya kukaa nayo muda mrefu unaihifadhi vipi nje ya mtandao?

Kijana wa Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Tangu 2021 kila mshahara ukitoka nanunua Bitcoin kidogo, na yote nimeiacha kwenye soko lile lile la mtandaoni nililonunulia. Mwezi uliopita wakanifungia akaunti siku nne, eti wanahakiki kitambulisho. Mke wangu alidhani nina malaria. Waliokuwa na sarafu zao kwenye masoko yaliyofilisika, Mt. Gox mwaka 2014 na FTX Novemba 2022, nao walianza kwa kuambiwa wasubiri.

Nimefunguliwa, na nimeamua kuitoa nikae nayo mwenyewe. Sitaki matangazo, na atakayenifuata PM kuniuzia kifaa cha kuhifadhia funguo za kripto namripoti. Namtaka mwenye kovu: ulihifadhi vipi, na kilikukuta nini?

Fundi Spika
Mimi sikununua kifaa. Nilichukua simu yangu ya zamani, nikaifuta yote, nikaweka programu ya waleti, yaani pochi ya kripto, nikatoa laini, nikaizima na kuitupia kwenye droo. Baada ya miaka miwili naitoa, betri imevimba kama andazi na kioo kimebanduka. Haikuniuma, maana yale maneno 12 ambayo waleti hukupa mwanzoni ili uweze kuirejesha nilikuwa nimeyaandika daftarini. Nikayaingiza kwenye simu nyingine, salio likarudi lote. Watu hudhani sarafu zimo ndani ya kifaa. Hazimo. Ziko kwenye leja, yaani daftari la miamala, ya mtandao wenyewe. Wewe unatunza ufunguo tu, na ufunguo ni yale maneno.

Binti Chumbageni
Shikamooni wakubwa. Yangu ni ndefu, vuteni mkeka.

Kifaa changu kinakuvumilia ukosee PIN mara mbili, ya tatu kinajifuta. Mwanangu wa miaka minne alikikuta kwenye mkoba, akajua ni rimoti. Sikuhangaika sana, kwa sababu karatasi yenye maneno 24 nilikuwa nayo, ndani ya bahasha, chini ya vitenge, kwenye kabati la ukutani. Navuta bahasha, naona nyepesi. Mchwa walipanda na ukuta, wakatoboa kabati kwa nyuma, wakaitafuna bahasha kutoka kona moja mpaka katikati, na udongo wao umeganda juu ya maandishi. Nilikaa sakafuni nikaupangusa kwa brashi ya wanja, neno moja moja, nikiogopa hata kupumua. Maneno 22 yakasomeka. La 17 limeliwa lote. La 11 zimebaki herufi tatu: c, r, a.

Mdogo wangu anasomea kompyuta. Akaniambia dada usilie kwanza, tupige hesabu. Maneno haya hayaokotwi popote, yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2,048 ya Kiingereza. Yanayoanza na "cra" humo ni tisa: crack, cradle, craft, cram, crane, crash, crater, crawl, crazy. Tisa mara 2,048 ni 18,432. Ila neno la mwisho limebeba ndani yake hesabu ya kuhakiki mengine yote, kwa hiyo ukiwa na maneno 24, katika kila michanganyiko 256 unakubalika kama mmoja tu. Zikabaki njia sabini na kitu. Akaandika programu fupi kwenye laptopu aliyoizima intaneti, ikawa inalinganisha na anwani yangu ya kupokelea, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye meseji za mteja mmoja. Chai haijapoa, imepatikana. La 11 lilikuwa crane. Nalitaja kwa sababu siku ile ile nilihamishia kila kitu kwenye maneno mapya.

Kijana wa Kirumba
Pole sana dada. Na kwa nini hukutafuta hawa wanaojitangaza kuwa wanarejesha waleti zilizopotea?

Binti Chumbageni
Niliuliza kwenye kundi moja, ndani ya saa moja walinifuata watano. Wote sharti lao la kwanza ni niwatumie maneno 22 niliyonayo. Siku hizi maneno nayagonga kwenye bamba la chuma. Karatasi nimewaachia wanaoandika barua za posa.

Mpiga Nyundo
Kwenye chuma nina la kusema. Nilikwenda Gerezani, Dar, kutafuta bamba, wa kwanza akanipa alumini, jepesi na linang'aa. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na nyumba ikiungua moto unaweza kufika huko. Stenlesi inahimili mpaka kama 1,400. Ukiweza, chukua stenlesi.

Kosa langu: nilimpa fundi karatasi anigongee. Alipofika neno la tatu ndipo akili ikanirudi, huyu bwana si anasoma? Nikamlipa, nikachukua bamba langu, maneno yale nikayatupa. Nikanunua seti ya herufi za kugonga, nikatengeneza maneno mapya, nikagonga mwenyewe nyumbani. Huhitaji neno zima. Herufi nne za mwanzo zinatosha, kwenye ile orodha hakuna maneno mawili yanayofanana zote nne. Yaani hazizidi 96. Nimegonga A mbili kichwa chini, na jirani wa chini alipanda kuuliza kama nachonga jeneza.

Nazi Mbovu
Mnajitesa bure. Nunueni viwanja.

Kijana wa Kirumba
Kiwanja ninacho mkuu. Tuko wamiliki watatu na kila mmoja ana hati.

Mgeni wa Muscat
Mimi nilipigwa kijinga. Nilinunua kifaa mkononi, karibu nusu bei, boksi limefungwa vizuri. Ndani kuna kikadi cha kukwangua kama vocha, ukikwangua unakuta maneno 24 tayari. Nikaona mambo ya kisasa haya! Nikaweka USDT zangu, zile sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola, baada ya wiki tatu hamna kitu. Aliyeniuzia alikuwa nayo maneno hayo tangu mwanzo. Kifaa kizima hutengeneza maneno chenyewe mbele yako, kwenye kioo chake, siku unapokiwasha. Ukikuta mtu kakuandikia, rudisha.

Mwana Kisauni
Aliyepiga picha ya maneno yake ni mimi hapa. Simu ikaipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nywila ya barua pepe yangu ilikuwa moja na ya kila kitu. Sitaki kuongea zaidi.

Lakini kuna la pili. Baadaye nilipojipanga upya, niliyajaribu maneno kwenye programu tofauti na ya mwanzo, nikaona sifuri. Moyo ulishuka! Kumbe maneno yale yale yanazaa anwani nyingi, na kila programu ina njia yake ya kuzitafuta. Nikachagua njia ya kifaa changu, salio hilo. Basi ukiandika maneno, andika pia ni waleti gani iliyoyatoa.

Mzee wa Daftari
Nami niongeze neno la 25, lile unalolitunga mwenyewe juu ya yale 24. Ni zuri, mwizi akiokota bamba hapati kitu. Ila halikuambii umekosea. Mpwa wangu aliweka herufi kubwa mwanzoni, akasahau. Kila akiliandika waleti inafunguka vizuri kabisa, tupu. Miezi mitano alijua ameibiwa. Siku moja simu ikamwekea herufi kubwa yenyewe kwenye meseji, ndipo akakumbuka.

Kijana wa Kirumba
Mrejesho wakuu. Kifaa nimeagiza kiwandani moja kwa moja. Nimetuma ya elfu hamsini kwanza, nikakifuta makusudi, nikakirejesha kwa kusoma kwenye bamba, anwani zikalingana. Jana nimehamisha zilizobaki. Mabamba ni mawili, neno la 25 halipo kwenye lolote. Moja liko kwangu, jingine nimempelekea bibi huko [imefutwa]. Aliniuliza kama linafaa kuzibia tundu kwenye banda la kuku, nikamwomba alifungie sandukuni.

Mpiga Nyundo
Mkuu umefuta, lakini mimi nilikuwa nimeshasoma. Hata kijiji umetaja.

Kijana wa Kirumba
Nakwenda Jumamosi kulichukua.