Eti "mtie nepi ya kitovuni"! Mbele ya ukumbi mzima!

BabaMchanga (mleta uzi)
Assalaam alaykum wana jukwaa. Sijavua hata kanzu, naandika hivi hivi mikono inanitetemeka. Mtu simtaji, hospitali siitaji, wala sina haja. Aliyewahi kupita na kadi ya kliniki hapa Pemba anamjua. Yule yule. Wa dirishani. Anayekuandikia huku anatafuna muhogo.

Mwanangu hajatimiza arubaini. Kitovu kilianguka salama, bibi yake akakizika, lakini pale pahala hapakauki. Kila ukimvua nguo, tumboni rojorojo. Khalafu jana mama yake anamuogesha, mtoto akaangua kilio, chiriri! Maji yameruka kutoka kitovuni mpaka kwenye beseni. Nikanusa ile kanga. Mkojo. Mkojo, jamani, kwa kitovu! Mama yake yumo ndani, hatoki, ndo leo nikambeba mie na bibi yake tukaenda.

Nikamueleza yule mtu kwa adabu zote: "Dada, mtoto anakojoa kitovuni." Akaweka muhogo chini. Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. Akasema kwa sauti iliyofika bandarini: "Basi mtie nepi ya kitovuni!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Wajawazito wanashikilia matumbo. Kuna mzee mmoja wa dripu, tangu nafika nikidhani keshakata roho, kafungua jicho moja, kacheka, kalifunga tena. Nepi ya kitovuni! Mie baba wa watu, nimevaa kanzu, nimebeba mtoto, naambiwa nepi ya kitovuni! Hajamfunua, hajamgusa. Kaandika kwenye kadi "chumvi", basi, akarudi kwenye muhogo wake.

Bibi mtu hakusema neno. Tumekaa kwenye daladala ndo kaniuliza taratibu: "Hizo nepi zinauzwa wapi?"

KarafuuMbichi
Hahahaaa yarabi nisamehe. Pole kaka. Ni yule mwenye wanja mpaka masikioni?

BabaMchanga
Huyo huyo!

KarafuuMbichi
Basi umebahatika. Mie alinambia nirudi nikishaumwa vizuri.

Mchokozi_wa_Wete
Swali kwa mleta uzi: saizi gani? Zipo za kitovu kidogo na za kitovu jumbo.

BabaMchanga
Mchokozi wewe ndo ulikuwa umekaa bechi ya nyuma, nimekujua kwa kicheko.

Bi_Mkubwa_Micheweni
Mwanangu punguza hasira. Kitovu kibichi tangu zamani tunakiwekea sarafu, tunafunga na kitambaa, kinanyamaza chenyewe. Nimelea wengi hivyo na wote wakubwa sasa.

SistaMstaafu
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima yako, kwa huyu sarafu hapana. Unafunga uchafu ndani na mkojo unaendelea kuvuja chini ya kitambaa, kesho ni usaha.

BabaMchanga, nisikilize na hasira zako uziweke pembeni dakika mbili. Mtoto akiwa tumboni kwa mama yake kuna mfereji mwembamba unatoka juu ya kibofu unakuja kitovuni. Madaktari wanauita urakasi. Kawaida unajifunga kabla hajazaliwa na kubaki uzi mkavu tu ndani ya tumbo, sote tunao. Kwa watoto wachache haufungi. Ukibaki wazi wote ndo unaona mkojo kitovuni, hasa akilia au akijikaza, kwa sababu tumbo linakibana kibofu. Ile chumvi ni dawa ya kinyama cha kitovu, kile chekundu kinachotoa majimaji. Wengine wanakichoma kwa dawa inaitwa silva nitreti. Lakini kinyama hakirushi mkojo mpaka kwenye beseni! Huyo dirishani angemfunua tu angeona.

Sasa nijibu hili kabla ya yote: huyo ni wa kiume? Na mkojo wa njia yake ya kawaida unatoka kwa nguvu au unadondoka tone tone?

BabaMchanga
Wa kiume. Na nguvu anazo, kanzu yangu ya Ijumaa anaijua vizuri. Lakini Sista wewe umenijibu kiungwana. YEYE kanambia NEPI. YA. KITOVUNI.

SistaMstaafu
Alhamdulillah. Nimeuliza kwa sababu kuna watoto wa kiume wanazaliwa na vijingozi vimeziba njia ya mkojo, mkojo unakosa pa kupita unarudi kitovuni. Hata hivyo usinitegemee mie wala kanzu yako, daktari lazima aangalie.

Mchokozi_wa_Wete
Kanzu ya Ijumaa imekuwa kipimo cha maabara.

Shemeji_wa_Mkoani
Nimeweka jamvi hapa, nani ana kahawa?

Ukhty_Chake
Wewe kaka unalia na nepi? Kaa chini nikusimulie. Mie huo huo mfereji, wangu ulijifunga juu na chini, katikati ukabaki na mfuko wa maji. Sikuwa na habari nao mpaka niko skuli, kidato cha nne. Homa, maumivu chini ya kitovu, uvimbe mgumu ngozi nyekundu, nikikojoa naungua. Nikapelekwa na baba yangu, tena baba mkali. Yule mtu (sehemu nyengine, lakini nadhani wamezaliwa tumbo moja na wako) kanibonyeza kwa kidole kimoja, kamgeukia baba: "Mimba ya miezi mingapi hii?"

Mbele. Ya. Baba. Yangu.

KarafuuMbichi
Uwiiii! Baba akafanyaje?

Ukhty_Chake
Baba akakaa. Baba yangu hajawahi kukaa bila kukaribishwa maisha yake yote.

Mwengine akasema kidole tumbo. Altrasaundi ndo iliyonitoa kwenye aibu: mfuko wa usaha baina ya kitovu na kibofu, na kizazi kitupu kabisa. Wakanipa dawa za sindano, wakatoa usaha kwanza, wakaniacha nipoe. Operesheni yenyewe ilikuja baadaye, wakautoa mfereji wote na kijipande cha juu ya kibofu. Niliwauliza kwa nini wasikamue tu yakesha. Wakanambia ukibaki, usaha unarudi, na kwa nadra ukubwani hugeuka saratani. Nina kovu na nina watoto. Na yule mtu bado yupo kazini.

BabaMchanga
Pole sana dada yangu. Lakini wewe alikuuliza, mie alinitangaza. Ukumbi mzima!

Ukhty_Chake
Wallahi unashindana?

Mchokozi_wa_Wete
Mie naipa mimba. Nepi nambari mbili.

SistaMstaafu
BabaMchanga, usipotee. Mpeleke kwa daktari wa watoto, umwambie maneno haya haya, na uombe altrasaundi ya tumbo. Hiyo haiumi. Wakitaka kuhakikisha majimaji ni mkojo wanayapima kriatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo. Pengine watataka na picha ya kibofu kwa dawa: wanapitisha mpira mwembamba njia ya mkojo, wanatia dawa, wanapiga eksirei akiwa anakojoa, hapo mfereji unaonekana ukipanda mpaka kitovuni. Usishangae pia wakikwambia subiri. Akiwa chini ya miezi 6 baadhi ya mifereji hii hujifunga yenyewe, hasa kama hakuna usaha wala kizuizi chini. Lakini akipata homa, kitovu kikavimba kikawa chekundu au kinanuka usaha, hapo si pa kusubiri, mkimbize hata usiku. Na ukiona kinatoka kinyesi badala ya mkojo, mwambie daktari, huo ni mfereji mwengine, wa utumbo.

Kwa sasa mkaushe kwa kitambaa safi, nepi ifungwe CHINI ya kitovu.

Mchokozi_wa_Wete
Kwa hiyo nepi ipo kwenye matibabu!!! Yule dada kumbe mtaalamu!

BabaMchanga
Nikikujua nyumba yako wewe…

Mpemba_wa_Darajani
Na upasuaji wa mtoto mchanga hivyo usishangae ukaambiwa uvuke Unguja. Jiandae na boti basi. Juzi nimekaa karibu na mtu katapika kuanzia Nungwi mpaka bandarini, na mfuko kapewa mmoja, mwengine akaazima wa boflo zangu.

KarafuuMbichi
Boti afadhali. Hao wachukuzi je? Nimeshuka na mkoba wa mkononi, mtu kaunyakua, kaupeleka hatua kumi, kanidai hela ya gunia.

Shemeji_wa_Mkoani
Wachukuzi wa wapi? Kama ni Mkoani usitutukane, wetu waungwana.

KarafuuMbichi
Ni huko huko kwenu!

BabaMchanga
Jamani naulizia hiyo picha ya mpira, mtoto anatiwa usingizi au vipi?

Mpemba_wa_Darajani
Mkoani mna jina tu. Mie gunia langu la maembe boribo lilipanda limejaa, limeshuka nusu. Nikauliza, nikaambiwa yamekaa vizuri.

SistaMstaafu
BabaMchanga, kwa kawaida hatiwi usingizi, anashikiliwa tu. Atalia, lakini ni muda mfupi. Kesho nenda asubuhi mapema.

Shemeji_wa_Mkoani
Maembe yako yalikuwa mabovu tangu Darajani, hapo hakuna mwizi, ni funza.

Mpemba_wa_Darajani
Funza wanakula na gunia?

Bi_Mkubwa_Micheweni
Boribo gani msimu huu? Anayo nani? Bei gani?