Kulanti nyekundu au ya kijani kwa Toyota Corolla?

Mwenye swali:
Ndugu zangu, nina Corolla ya mwaka 2004 ambayo mshale wa joto hupanda kila ninapoukwea mlima Kitonga kuelekea Iringa. Fundi wa mtaani aliondoa thamostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini) na kujaza maji ya kisima, na sasa maji ndani ya rejeta yana rangi ya kutu. Muuzaji wa vipuri anasema kulanti (kimiminika cha kupoza injini) nyekundu na ya kijani hutofautiana rangi tu. Je, ninunue ipi, na naweza kuiongeza juu ya maji haya?

Jibu la 1:
Muuzaji amesema nusu ya ukweli. Rangi huchaguliwa na kiwanda, lakini dawa za kuzuia kutu zilizomo hutofautiana, na watengenezaji wa Japani kwa kawaida hutaka kulanti ambayo dawa yake ina fosfeti lakini haina silikati; kwa hiyo soma maandishi ya dumu. Usiiongeze juu ya maji hayo: yamwage, suuza mfumo mpaka maji yatoke meupe, ndipo ujaze. Dumu likionyesha kwamba imekwishachanganywa, usiongeze kitu. Ikiwa ni nzito, yaani haijachanganywa na maji, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, yasiyo na chumvi), kwa sababu chumvi za maji ya kisima huganda ndani ya mirija. (Tahadhari: maji hayo yaliyokenekwa usiyaombe dukani kwa jina la “maji ya betri”, kwani unaweza kupewa tindikali.)

Jibu la 2:
Mimi naendesha Dar es Salaam kwa maji matupu miaka mingi, na gari halijachemsha.

Jibu la 3:
Kaka, kutochemsha si kutokula kutu. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali mchanganyiko wa nusu kwa nusu hufika takriban nyuzi 107, na mfuniko wa rejeta huongeza kiwango hicho kwa kushikilia shinikizo. Mwenye swali akague mpira wa mfuniko huo, ambao mafundi wengi huusahau, na arudishe thamostati, kwani bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake na hula mafuta zaidi. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Mwenye swali:
Nashukuru. Kulanti ikichakaa baadaye, naweza kuimwaga uani?

Jibu la 3:
Hapana. Glikoli, kemikali kuu iliyomo ndani ya kulanti, ni tamu na ni sumu inayoharibu figo, na mbwa huilamba kwa hamu. Ikinge kwenye dumu lenye kifuniko, uliandike, na uliweke mbali na watoto.